Nilivyokufa Mchana Kutwa kwa Ajili ya Getruda

Mimi niliwahi kufa pale Mkuyuni, Mwanza, mchana kweupe, watu wananiangalia.

Nikafa. Nikaamka, nikapiga funda la togwa, nikafa tena. Nilikufa kama mzee, nikafa kama bibi kizee, nikafa kama kijana mwenye maringo. Jua linaelekea kuzama bado kulikuwa na watu sijawafia.

Usicheke kwanza. Au cheka tu, maana hata mwenye msiba alicheka, na ndiyo sababu nasimulia.

Naitwa Seif. Kwetu Kisarawe, Mzaramo kamili, ila nimezaliwa Mwanza kwa sababu marehemu baba aliletwa na kazi ya reli akasahau kurudi. Sasa Mzaramo anayeishi katikati ya Wasukuma ana bahati ambayo hata mbunge hana. Sisi ni watani.

Kwa nyie mliokulia kwenye simu, ngoja niwape kidogo. Msukuma akifiwa, mimi naingia msibani bila hodi. Nakashifu chakula. Nalala njiani jeneza lisipite mpaka nipewe jogoo. Navaa nguo za marehemu, natembea kama yeye, naongea kama yeye, nagombana na majirani aliokuwa akigombana nao.

Na hakuna wa kunigusa. Mjane analia huku anacheka, na hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa.

Alipofariki mzee Luhaga, bahili namba moja wa mtaa wetu, nilivaa gambuti zake na kofia yake nikaingia jikoni kufunika masufuria. Nikawageukia waombolezaji, "Nyie mmekuja kunilia au kunila?"

Mjane wake, Mama Suzana, alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Toka siku hiyo jina likakua. Watu wa Buswelu walinifuata kwa baiskeli. Hata Misungwi nimekwenda kufa.

Siku za kawaida nilikuwa nauza mitumba sokoni. Ilikuwa mwaka tisini na tano, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, mambo yamefunguliwa, mabelo ya nguo yanashuka kila wiki. Nguo zile bado tuliziita kafa ulaya, kwamba mwenyewe kafa huko Ulaya, wewe huku unapendeza.

Na hapo ndipo anapoingia Getruda.

Alikuwa dada mrefu, wa umri wa thelathini hivi, kapanga chumba kwa Mama Queen, anauza uji wa ulezi hatua chache kutoka kwenye belo langu. Alisema kwao Ngara, kule mpakani. Mpole, msafi, uji wake mzito. Tatizo lake moja tu.

Hacheki.

Aisee, hacheki kabisa! Nilimfanyia kila kituko ninachokijua. Nilimwigizia balozi wetu wa mtaa akipanda baiskeli na kitambi chake. Nilimwigizia Mama Queen akisengenya huku anapiga ishara ya msalaba. Soko zima linashika mbavu, yeye ananitazama tu.

"Uji wako unapoa, kaka Seif."

Mke wangu Raya alinichoka. "Huyo dada hana neno na wewe. Kinachokuuma ni kwamba hujamchekesha."

Kweli iliniuma. Mwaka mzima nalala nawaza nitamchekesha vipi mwanamke wa watu.

Basi siku moja Getruda akaja kwenye belo. Nikajua anatafuta gauni. Akapita magauni yote akaenda kwenye makoti ya kiume. Akatoa moja la kahawia, kubwa, akalishika mabegani akalinyoosha mbele yake, akarudi hatua moja nyuma akilitazama.

"La nani hilo, dada?"

"La mtu."

Akarudi siku nyingine akachukua koti jeusi jembamba. Halafu shati jeupe la kijana. Halafu sweta la bibi kizee, lile la vifungo vikubwa. Mwisho akachukua kisweta cha njano, kidogo kiasi cha kuivalisha chupa ya chai.

Sasa nisikilize vizuri. Getruda hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto. Na zile nguo hakuna aliyewahi kuziona kwenye mwili wa mtu.

Mimi sikusema kitu. Nilimwambia Raya tu. Raya naye hakusema kitu, alimwambia Mama Queen tu.

Mtaa ukawaka! Mama Queen akaapa kuna mwanaume uvunguni kwa mpangaji wake. Wengine wakabisha, wanaume ni wawili, mmoja mnene mmoja mwembamba, ndiyo maana makoti hayalingani. Watu walikuwa wanatega masikio dirishani wasikie mkoromo.

Ilikuwa raha tupu, mpaka mtu mmoja akasema nguo zile ni za misukule, wafu anaowafuga kwa uchawi.

Hapo raha ikaisha. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, neno hilo likishamkaa mwanamke asiye na ndugu, panga haliko mbali.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee Mhoja, Msukuma wa kitambi, mtu wa taratibu, mwenye filimbi shingoni hata akienda chooni. Akanifuata sokoni.

"Seif, twende. Wewe ndiye uliyeuza ushahidi."

Tukaenda, saa za mchana, mtaa mzima nyuma yetu, Mama Queen kashika mwiko. Getruda akafungua mlango.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Tumekuja kumsalimia mgeni wako."

"Sina mgeni, baba."

Mama Queen hakungoja. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akaibuka na ungo wa ulezi na utando wa buibui kichwani. Hakuna mwanaume.

Ndipo tukaona ukuta.

Misumari imepigwa kwa mpangilio, na kila msumari una nguo. Koti la kahawia mwanzo, koti jeusi, shati jeupe, sweta la bibi. Mwishoni, chini kabisa, usawa wa goti, kisweta cha njano. Zote zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Yesu wangu," Mama Queen akarudi kinyumenyume. "Misukule hiyo!"

Balozi akanyoosha mkono anyamaze. "Mayu, wenye nguo hizi wako wapi?"

"Wamekufa."

"Yupi kafa?"

"Wote."

"Lini?"

"Mwaka jana," Getruda akasema. "Mwezi wa nne."

Mwezi wa nne wa mwaka uliotangulia hakuna mtu wa Mwanza aliyehitaji kuelezwa. Ndio mwezi majirani wa Rwanda walipoanza kuwachinja majirani zao. Redioni baadaye tukafundishwa jina lake, mauaji ya kimbari, lakini sisi habari tuliletewa na maji. Mto Kagera uliwabeba watu ukawamwaga ziwani, wavuvi wakawa wanawavuta nchi kavu na kuwazika ufukweni. Mji mzima ulisusa samaki. Mimi mwenyewe nilikula maharage mpaka Raya akahamia chumba cha watoto.

Tuliwaona wakija na maji. Majina yao hatukuwahi kuyajua.

Balozi akawatoa watu wote nje akafunga mlango. Nilibaki mimi, kwa sababu nilijifanya sijasikia.

"Mayu. Ngara ndiyo kwenu kweli?"

Getruda akakaa kitandani. Akaangalia ukuta, si sisi.

"Ngara nilipita. Wakanipokea kambi ya wakimbizi. Siku moja nimepanga foleni ya unga, mbele yangu kasimama mtu aliyevunja mlango wetu. Kavaa koti la baba. Akageuka akanisalimia, eti habari za siku nyingi."

Balozi akavua kofia.

"Nikatoroka siku hiyohiyo. Nikijulikana hapa nitarudishwa kulekule, nikale unga foleni moja na yule. Baba balozi, kama ni hivyo, afadhali waje hao wenye mapanga yao wanimalize hapa."

Mimi nilidhani balozi ataanza habari za sheria, za wahamiaji, za ofisi gani inahusika. Mzee akavimba. Akawa mwekundu, na Mhoja ni mweusi tii.

"Mwaka mzima!" akafoka. "Mwaka mzima uko kwenye nyumba kumi zangu, umefiwa, hujasema? Tunakunywa uji wako kila asubuhi, tunakuchekeachekea kama mazuzu, kumbe uko msibani! Sisi ni watu gani kwako? Unataka waseme kwa Mhoja mtu anafiwa halafu analia peke yake?"

Ndugu zangu, yule mzee alikuwa ameudhika kabisa. Kuficha mwanaume angesamehe. Kuficha msiba alikuona ni kumtukana yeye, mkewe na mtaa mzima.

Akatoka nje akapuliza filimbi.

"Mtu wetu amefiwa na watu wake wote huko kwao! Huko kwao ni wapi, asiulizwe! Leteni turubai!"

Wa kwanza kuleta kuni alikuwa Mama Queen. Na wa kwanza kusema yeye alijua toka zamani kwamba dada wa watu ana majonzi, ni huyohuyo Mama Queen.

Kesho yake asubuhi turubai limesimama, ugali unasongwa, mikeka imejaa watu. Lakini msiba ulikuwa haujui uanzie wapi. Maiti hakuna. Kaburi hakuna. Wanawake wakianza kilio kinakatika, maana hawajui wanamlilia nani. Mwenyewe Getruda amekaa katikati yao, macho makavu.

Balozi akanivuta pembeni. "Fanya kazi yako."

"Balozi, mimi mtani wako wewe. Huyu si mtani wangu."

"Msiba uko kwenye nyumba kumi zangu. Ni wa Wasukuma. Fanya."

"Simjui marehemu hata mmoja!"

"Si umuulize? Mdomo wa kutukana unao, wa kuuliza huna?"

Nimeingia misiba mingi bila woga. Ule niliuogopa. Nikachukua koti la kahawia, nikalivaa, nikasimama mbele ya Getruda.

"Dada. Huyu alitembeaje?"

Akalitazama koti. Nikajua nimekosea, nikaanza kulivua.

"Mikono nyuma," akasema.

Nikaweka mikono nyuma.

"Kichwa juu zaidi. Baba alikuwa na ng'ombe wachache na majivuno ya mwenye zizi zima."

Nikainua kidevu, nikapita mbele ya wanaume nawakagua mmoja mmoja kama mitamba ya mnadani.

"Na alikuwa anakohoa kabla ya kusema uongo," Getruda akaongeza. "Kijiji kizima kilijua. Yeye tu ndiye alikuwa hajui."

Nikasimama mbele ya sufuria. "Kho! Mimi nyama sipendi."

"Hapana. Kidogo, puani. Anaficha na ngumi."

Nikaweka ngumi mdomoni. Nikakohoa puani. Nikamgeukia Mama Queen kama ndiye mke wangu. "Khm. Mama watoto, jana nilichelewa kwa sababu ya ibada."

Getruda akacheka.

Kilikuwa kicheko kibovu, kimekwamakwama, cha mtu aliyesahau kinaanzia wapi. Watu wakageuka. Akaziba mdomo, kikapenya kwenye vidole.

Kicheko kile nilikitafuta mwaka mzima. Nilijua nikikipata nitatamba mpaka Igoma. Nilisimama tu na koti la watu, machozi yananishuka.

Mtani akimaliza kumwigiza marehemu anajilaza. Nikajilaza mkekani, nikafa. Wanawake wakanifunika kanga. Sasa walikuwa wanamjua, mzee wa majivuno na kikohozi, na kilio kilichopanda safari hii hakikukatika.

Nikafunua kanga niamke.

"Kuna mwingine," Getruda akasema.

Nikavaa sweta la vifungo, nikawa bibi yake, kiziwi wa kila jambo isipokuwa mtu akifunua chungu. Nikamkosoa kila mpishi. Nikafa.

Nikavaa shati jeupe, nikawa kaka yake, asiyeweza kupita kwenye kioo, dirisha au ndoo ya maji bila kujichana. Mimi mwenyewe kipara! Balozi alicheka akaanguka na kiti. Nikafa.

Koti jeusi jembamba lilikuwa la mume wake. Aliniita karibu akaninong'oneza jinsi alivyotembea. Hilo siwasimulii.

Na zilipokwisha nguo za ukutani akaendelea bila nguo. Shangazi aliyeongea akiwa amefumba macho. Jirani aliyekuwa akiimba kanisani kwa sauti ya fisi. Kila mmoja nilimuuliza alitembeaje, kila mmoja akanirekebisha, kila mmoja nikamfia. Kanga niliyofunikwa ililowa jasho. Watu walikuwa wamechoka kucheka, wamechoka kulia, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kwake.

Mwisho akachukua kile kisweta cha njano alichokuwa amekikalia toka asubuhi. Akanipa.

Nikajaribu kutabasamu. "Huyu alitembeaje?"

"Alikuwa hajaanza kutembea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama balozi anisaidie, balozi anaangalia chini.

Lakini mtani hawezi kuacha kazi katikati. Nikakiingiza kile kisweta mkononi, maana ndio mahali pekee kilipoweza kuingia. Nikapiga magoti. Nikatambaa kutoka kwenye nguzo ya turubai mpaka kwenye mkeka wake, mtu mzima na kipara changu, vumbi linaniingia puani. Hakuna aliyecheka.

Getruda akafungua mikono. Akaniita kwa jina la mtoto. Jina lile sijawahi kumtajia mtu, na hapa pia silitaji.

Ndipo akalia.

Miezi miwili ikapita. Uchaguzi ukakaribia, ukaja msako wa wahamiaji. Gari likasimama sokoni asubuhi, wakashuka maofisa wawili. Mtu alikuwa amepeleka maneno.

"Kuna mwanamke anauza uji hapa," akasema mkubwa wao. "Tumeambiwa si raia."

Getruda alikuwa ameshika upawa. Nikaiona ile foleni ya unga machoni mwake, na yule mtu mwenye koti.

Balozi akaja mbio, kitambi mbele, filimbi inarukaruka. "Huyu? Huyu Msukuma wa kwangu!"

"Msukuma gani mrefu hivi?"

"Alikula vizuri utotoni, afande."

Ofisa hakucheka. Ila mimi nilikuwa nimeshamsikia anavyoongea. Huyo hakuwa mtu wa bara. Huyo alikuwa Mzaramo, tena wa kwetu kulekule.

Nikapiga meza ya uji.

"We mla michembe ya viazi!" nikamfokea Getruda. "Uji gani huu, umemkorogea ng'ombe? Nyie Wasukuma mkitoka porini mngekuwa mnanawa kwanza!"

Unaelewa nilichokuwa nafanya? Maneno yale ukimwambia mwanamke asiye mtani wako, umetafuta kupigwa. Ukimwambia mtani wako, umemsalimia. Ofisa akamgeukia Getruda aone itakuwaje.

Getruda alinitazama. Mwaka na ushei sijawahi kumsikia akimrudishia mtu neno.

Akaweka upawa chini. Akafuta mikono. Akazunguka meza, akachomoa koti kwenye belo langu, akalivaa, akatoa tumbo mbele, akajipapasa kichwa.

Akatembea.

Ilikuwa mimi! Viwiko nje, visigino vinaburuzika, kidevu juu utadhani soko ni langu. "Kafa ulaya, kafa ulaya!" akanadi kwa sauti yangu yenyewe. "Mzaramo mie! Ngoma ikilia Kisarawe naacha mke jikoni na sufuria mkononi!"

Raya ndiye aliyeanza kucheka, na hakuwa na haraka ya kuacha.

Getruda akasimama mbele ya ofisa. Akaweka ngumi mdomoni. Akakohoa, kidogo, puani.

"Khm. Mimi Seif sijawahi kumuuzia mtu suruali yenye tundu."

Soko likapasuka. Ofisa alicheka mpaka akaegemea gari. "Huyu Msukuma," akamwambia mwenzake huku anafuta macho. "Nani mwingine anaweza kumdhalilisha Mzaramo namna hii hadharani?"

Akanywa kikombe cha uji, akashukuru. Kabla ya kupanda gari akanisogelea sikioni.

"Kwetu Kisarawe tunaongopa vizuri zaidi ya hivi. Ila mmejitahidi." Akafunga mlango, wakaondoka.

Miaka imekwenda. Mzee Mhoja tulishamzika, na aliyemwigiza hakuwa mimi peke yangu. Getruda alikwenda kwao mara moja, nchi ilipotulia, akawazika watu wake pamoja na wenzao kwenye kaburi la wote. Tukajua harudi. Akarudi, anadai moto wa uji hauwezi kuachiwa Mama Queen.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Mtu akihamia mtaani kwako, kabila lake achana nalo. Muulize watu wake walitembeaje.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia. Siku hizi natembelea fimbo. Nguo bado zipo ukutani, safi, zimefungwa vifungo. Pembeni ya koti la kahawia nikaona msumari mpya, hauna kitu.

"Getruda, huo msumari wa nani?"

Akanitazama mimi, akalitazama koti langu. Akaweka ngumi mdomoni.

"Khm. Si wako, kaka Seif."